Kibali Kimoja cha Kwenda Nyumbani

Bwana Chambuso alikuwa ameshalisifia ziwa la Mkalanga, na samaki wake, na upepo wake wa jioni, alipoona madiwani wanatazamana. Mkalanga hakuna ziwa. Kuna bwawa moja la ng'ombe, na mwaka huo hata hilo lilikuwa limekauka.

"Bwana mwezeshaji," alisema Bi. Nyabise, diwani wa viti maalumu, mama wa kilemba cha njano, kwa upole wa kutisha. "Hilo ziwa limehamia lini? Maana sisi wenye mji hatujapata taarifa."

Ukumbi uliangua kicheko. Chambuso akazitazama karatasi zake. Ilikuwa hotuba ya wiki iliyopita, aliyowasomea watu wa halmashauri nyingine, wenye ziwa lao la kweli. Alibadilisha jina la mji pale juu, mengine yote akayasahau. Na mada yenyewe, jamani, ilikuwa ubunifu: namna ya kujenga mazoea ya kubuni mambo mapya katika serikali za mitaa.

Mtu mwingine angemsingizia katibu muhtasi. Chambuso, mtu wa makamo ambaye kitambi na safari vilikuwa vimemfundisha kujicheka kabla hajachekwa, aliikunja hotuba akaanza kujipepea nayo.

"Waheshimiwa, mmenikamata," alisema. "Nimezunguka nchi hii mpaka miji imeanza kunichanganya kama wajukuu wa mzee mwenye wake wengi. Mwalimu wa mambo mapya nimewaletea kiporo. Basi tukimwage. Nitawapa hadithi badala yake, na mwisho wake kuna swali ambalo mimi limenishinda. Mkiliweza ninyi, mtanisaidia."

"Hadithi ya wapi?" aliuliza Bi. Nyabise. "Isije ikawa na ziwa."

"Haina hata kisima, mama."

Akavuta kiti, akakaa, kiti kikalia, akaanza.

*

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya sungura na fisi, zamani hii ya juzi ambayo sote tulikuwepo, tena wengine na nywele zetu kichwani, palikuwa na halmashauri iitwayo Ilendo. Ofisi zake zilikaa juu kilimani na watu wake walikaa bondeni. Una shida ya kiwanja, unapanda. Una shida ya kibali cha ng'ombe, unapanda. Una shida ya uhamisho wa mtoto shuleni, unapanda. Unafika juu na jasho lako, unapiga hodi, unaingia. Ndani unakuta koti.

Koti tu. Limevalishwa kiti, mabega yamenyooka, limekaa kikazi kuliko mwenyewe.

"Mhusika yuko wapi?"

"Yupo. Huoni koti lake?"

"Naliona. Na yeye?"

"Aa, mhusika mwenyewe hayupo. Njoo kesho."

"Hata hapa lipo!" sauti ilitoka nyuma ya ukumbi. "La bluu!"

"Usitaje rangi, mheshimiwa," alisema Chambuso. "Mwenyewe anaweza kuwa humu." Akaendelea.

Sasa, katika ofisi hizo alikuwemo mama mmoja, Bi. Kokuhirwa, mtu wa Bukoba, ofisa utumishi. Ajira zilipitia kwake, likizo zilipitia kwake, na zaidi ya yote, maombi ya uhamisho yalipitia kwake. Mnajua serikali inavyotupanga. Mtu wa kaskazini anapelekwa kusini, wa kusini anapelekwa ziwani, mume huku, mke kule, na watoto kwa bibi. Kila siku ya Mungu mtu aliingia kwa Kokuhirwa akiomba kumfuata mwenzi wake, na kila siku Kokuhirwa alijibu, "Nafasi bado, ndugu yangu." Alisema hivyo mpaka akawa hawezi kumsalimia mfanyakazi yeyote wa Ilendo bila kujua yule anamkumbuka nani. Aliwajua wote wanaokula peke yao. Alikuwa mmoja wao, ila hilo hakuna aliyemuuliza.

Katika idara ya ardhi alikuwemo mpima mmoja, Masonda. Mke wake alikuwa nesi Kibondo, na mtoto wao alikuwa huko kwa mama. Siku moja Masonda alimwona bibi mmoja amefika juu, ameambiwa aje kesho, akaketi kwenye ngazi na kuvua viatu ili miguu ipumue kabla ya kushuka. Hakulalamika. Kule kutolalamika ndiko kulikomchoma Masonda. Akatafuta mabaki ya mbao za dari, akakata vibao, akavipaka rangi. Upande mmoja: YUPO. Upande wa pili: HAYUPO. Akavitundika kila mlango, na kila asubuhi akawa anapita kuvigeuza kwa mkono wake, bila kumwomba mtu ruhusa.

Watu wa bondeni walifurahi. Kumbe koti halihesabiwi!

Lakini siku moja akaja mwenyekiti wa halmashauri na wageni wake, akawatembeza kwenye korido kuwaonyesha watumishi hodari wa Ilendo. Mlango wa kwanza, HAYUPO. Mlango wa pili, HAYUPO. Mlango wa tatu, HAYUPO. Wageni wakaanza kusoma kwa sauti, wote pamoja, kama wanafunzi wa chekechea. Na huo mlango wa tatu ulikuwa wa mhasibu ambaye asubuhi ile alikuwa amekimbiza mtoto hospitali, akarudi akakuta mji mzima umemcheka. Masonda alimwomba radhi mpaka machozi yakamlengalenga. Haikusaidia.

Mkuu wa idara yake, Mzee Mrindoko, mtu wa Usangi, alisema, "Kijana anatudhalilisha. Aondoke hapa." Akatia saini. Barua aliiandaa Bi. Kokuhirwa. Masonda akapelekwa kata ya Lyambisi, mwisho wa halmashauri, mahali ambapo mvua zikianza gari halifiki na simu inashika ukipanda juu ya kichuguu. Vibao vikatupwa nyuma ya stoo.

"Wamemwonea!" alisema diwani mmoja kijana.

"Na mhasibu je?" mwingine akamjibu. "Ungekuwa wewe, na mtoto yuko kwenye dripu?"

"Ngojeni," alisema Chambuso. "Hamjafika."

Pembeni ya stoo ile palikuwa na chumba cha ofisa mifugo, Sekela, binti wa Rungwe, mcheshi, mfuga kuku. Akaviona vibao, akasema alhamdulillahi ingawa alikuwa Mmoraviani, akavibeba akajengee banda. Ameshika msumari, ameshika nyundo, akasoma: HAYUPO. Akaiweka nyundo chini. Akajiuliza, huyu mtu aliyepanda kutoka bondeni, akishajua kwamba mhusika hayupo, amepata nini? Hajapata kitu. Anachotaka ni mtu ambaye yupo.

Akachukua brashi. Pale palipoandikwa HAYUPO akapaka, akaandika, NENDA KWA FULANI. Lakini huyo fulani atafanya nini na kazi asiyoijua? Ndipo Sekela akaanza kupita mlango kwa mlango.

"Kaka, nifundishe ile kazi yako ndogo, ya kila siku. Na mimi nitakufundisha yangu."

"Mimi mhasibu nikaandike vibali vya mbuzi?"

"Mbuzi hawaumi, kaka. Wanaouma ni watu waliorudishwa nyumbani."

Walimcheka. Wakamwita Mama Fulani. Mmoja alikubali kwa sababu alitaka mayai, mwingine kwa sababu alikuwa na msiba na hakutaka watu wamsubiri. Mambo yakaanza hivyo, kidogokidogo, kwa mayai na misiba. Ikafika siku mtu akipanda kilima na shida ya ng'ombe anahudumiwa na mhasibu, na mwenye shida ya kiwanja anahudumiwa na Sekela, na saa ya chakula cha mchana wameshashuka wote, shida zimekwisha. Kila kiti kilikuwa na ndugu. Makoti yakarudi kukaa kwenye migongo ya wenyewe.

Mrindoko aliyaona yote hayo. Hakuruhusu wala hakukataza. Akifika kwenye kibao alikuwa anageuza uso, kama mtu anayempita mkwewe anaoga mtoni.

Kisha likatokea la kutokea. Sekela, akimshikia mtu wa ardhi, aligawa kiwanja kimoja kwa watu wawili: mama muuza vitumbua na askari mstaafu. Wakakutana palepale uwanjani, kila mmoja na nguzo zake begani, kila mmoja na fundi wake. Fundi wa huku anachimba, fundi wa kule anafukia. Kelele zao zikafika mkoani, wakaguzi wakaja, wafanyakazi wote wakaitwa ukumbini.

"Nani aliruhusu ofisa mifugo kugawa viwanja?"

Mhasibu anatazama viatu. Sekela ameshafungua mdomo aseme. Mzee Mrindoko akasimama.

"Mimi."

"Wewe uliruhusu?"

"Ni idara yangu. Kosa la idara yangu ni langu. Hao wawili nitawapatanisha mwenyewe, na nitakunywa chai kwa kila mmoja mpaka wacheke. Niadhibuni mimi. Vibao viacheni."

Wakamwadhibu. Wakamvua ukuu wa idara akiwa amebakiza miaka michache astaafu, wakampa meza ya koridoni, karibu na choo. Na kweli aliwapatanisha wale wawili, askari akapata kiwanja kingine. Lakini kikubwa zaidi kilitokea ndani ya ofisi. Watu waliona kwamba mtu anaweza kukosea Ilendo na bado akakuta kiti chake asubuhi, kwa sababu yupo mzee aliyekubali kukaa karibu na choo badala yake. Hofu ikapungua. Nesi mmoja wa Ilendo akaleta wazo lake, ofisa elimu akaleta lake, hata dereva akaleta lake. Mengine ya kipuuzi, mengine ya dhahabu. Wakayajaribu.

Sifa zikaenea. Wakubwa wakaja na kamera. Wakamuuliza Sekela, "Wazo hili lilikuwa la nani?" Sekela akasema, "Letu." Mdomo ulisema letu, ila tabasamu lilisema langu. Jina la Masonda halikutajwa, na Masonda alikuwa Lyambisi, hasikii, labda awe juu ya kichuguu.

Wakubwa wakasema, "Ilendo mmefanya jambo. Tunawapa zawadi." Watu wakadhani ni kikombe, au ng'ombe. Ilikuwa kubwa kuliko ng'ombe. Ilikuwa kibali kimoja cha uhamisho. Mfanyakazi mmoja achague kituo chochote nchini, apelekwe, asiulizwe swali. Bi. Kokuhirwa aandike jina moja, gari la wakubwa litaondoka nalo mchana uleule.

Jina moja! Mama yule aliyesema "nafasi bado" mpaka ulimi ukachoka, leo ana nafasi, na nafasi ni moja.

Akawaita watatu, Masonda, Sekela na Mzee Mrindoko. Masonda aliletwa na pikipiki, vumbi limempaka mpaka kope. Kokuhirwa akawamiminia chai kwa mkono wake, akawatilia na sukari, kama watu waliokuja kuhani msiba.

"Semeni wenyewe," alisema. "Mimi nitasikiliza."

Masonda akasema, "Ma Koku, mimi sina maneno mengi. Vibao ni vyangu. Niliumia kwa ajili ya vibao hivyo kabla ya mtu yeyote. Kama nisingekosea mimi, Sekela angepata wapi cha kusahihisha? Likizo iliyopita nilifika Kibondo, mtoto akaniletea kiti, akasema shikamoo mgeni. Akaninawisha mikono vizuri kabisa. Mama yake amemlea vizuri. Amenikaribisha vizuri mno, Ma Koku. Nataka nifike siku moja nyumbani asiniletee kiti."

Kokuhirwa akainamisha kichwa, kwa kuwa vidole vilivyoshika kikombe ndivyo vilivyoandaa barua ya Lyambisi.

Sekela akasema, "Pole, kaka. Kabla sijasema langu, naomba radhi, sikukutaja." Masonda akaitikia kwa kichwa. Sekela akavuta pumzi. "Lakini Ma Koku, vibao vya kaka vilikuwa vimetupwa. Vilikuwa vinaelekea kuwa banda la kuku. Mimi ndiye niliyezunguka, mimi nikachekwa, mimi nikaitwa Mama Fulani, mpaka kazi ikasimama. Kazi iliyosimama ndiyo wamekuja kuipiga picha. Na huko nyumbani mama yangu macho yanakwenda. Daktari amesema hayarudi. Kila nikipiga simu ananiuliza, siku hizi umenenepa au umekonda? Sema ukweli, maana nataka nikukumbuke ulivyo. Ningekuwa mtu mwema, Ma Koku, ningesema apewe kaka Masonda. Mimi si mwema kiasi hicho. Nina mama."

Masonda akamsogezea sahani ya karanga. Ndiyo pole aliyoweza.

Chai ya Mzee Mrindoko ilikuwa imeanza kuganda utando.

"Mzee, sema," alisema Kokuhirwa.

"Nitasema nini, mwanangu? Sikubuni kitu. Huyu nilimfukuza, huyu nilimpita nikigeuza uso." Akajikuna kidevu. "Ila siku ile ukumbini, kama nisingesimama, vibao vingeshuka, na mambo yote yaliyofuata yasingekuwepo. Hilo nalijua, na ninyi mnalijua."

"Tunalijua, mzee," alisema Sekela.

"Mke wangu yuko Usangi tangu tumeoana. Tumeishi likizo kwa likizo. Nimejenga nyumba kule, nzuri, ya matofali. Umeme ukikatika na kurudi, mimi mwenye nyumba ndiye ninayepapasa ukuta, sijui swichi ziko upande gani."

"Lakini mzee, si unastaafu karibuni?" Masonda aliuliza taratibu. "Utakwenda tu."

"Nitakwenda, ndiyo. Nitakwenda kama mzigo unaoshushwa. Mimi nataka kitu kidogo. Nataka angalau jioni moja katika maisha yangu nitoke kazini, nipige hodi, anifungulie mlango, aseme, pole na kazi. Kila mwanamume mtaani kwetu ameambiwa hivyo mpaka amechoka kusikia. Mimi sijaambiwa na mke wangu hata siku moja. Nikistaafu, nitakuwa sina tena kazi ya kupewa pole."

Nje dereva akapiga honi.

"Ma Koku!" aliita kutoka uwanjani. "Wakubwa wanasema tuondoke!"

"Nakuja!"

Hakwenda. Aliwatazama wale watatu. Alitamani mmoja wao awe mwongo, ili kazi iwe nyepesi, na hakuna aliyekuwa mwongo. Alitamani wagombane, awafokee, awatoe nje, na hawakugombana. Masonda alikuwa anamuuliza Sekela kama mama yake bado anaweza kuona moto wa jikoni. Honi ikalia tena. Bi. Kokuhirwa akafungua kalamu, akaivuta karatasi karibu, akaandika jina moja.

*

Chambuso akaanza tena kujipepea.

"Jina la nani?" waliuliza madiwani.

"Hapo ndipo hadithi yangu inaponitupa, waheshimiwa, na ndipo ninapowatupia ninyi. Masonda alianza, akaanguka, na mtoto wake anamwita mgeni. Sekela aliokota kilichoanguka, akakisimamisha, na mama yake anapofuka. Mrindoko alisimama mbele ya fimbo ili wengine wapate kujaribu, na hajawahi kupewa pole na mke wake. Masonda alimuumiza mhasibu, Sekela alimeza jina la mwenzake, Mrindoko alimfukuza aliyeanza. Kibali ni kimoja. Je, nani alistahili?"

Ukumbi ukawaka moto.

"Masonda! Bila mwanzo hakuna kitu!"

"Mwanzo gani? Mwanzo wa kuaibisha watu? Sekela!"

"Ninyi watoto hamjui kazi. Wazo kila mtu analo. Tafuta mkuu wa idara atakayekubali kuvuliwa cheo kwa ajili ya ofisa mifugo, uniletee hapa nimwone. Mrindoko!"

"Mrindoko asubiri pensheni yake!"

"Hukusikia alivyosema? Baada ya pensheni pole itatoka wapi?"

"Mama anayepofuka hasubiri, mheshimiwa. Na mtoto anakua. Nani hapo anasubiri?"

Walibishana mpaka mandazi yakapoa. Wawili walisimama, mmoja akapiga meza, mwenyekiti wa kikao akaomba utulivu, kisha naye akaingia kwenye ubishi upande wa Sekela. Chambuso alikuwa anageuza kichwa huku na huku, anafurahi, anasubiri ashindwe na jibu moja zuri. Bi. Nyabise peke yake hakuwa amesema neno. Alikuwa ameegemea, mikono kifuani, kilemba kimemshuka kidogo upande.

"Na wewe, mama?" Chambuso alimgeukia. "Je, nani alistahili?"

Ukumbi ukatulia kumsikiliza. Bi. Nyabise akakirekebisha kilemba, bila haraka.

"Mnanichosha," alisema. "Tangu lini mtu kulala nyumbani kwake ikawa zawadi?"